Mpini Usioteleza: Msuguano na Plastiki katika Bastola

Kila chombo cha mkononi hutegemea jambo ambalo mtumiaji hulikumbuka pale tu linapokosekana, nalo ni msuguano baina ya ngozi na mpini. Panga likiteleza katika kiganja chenye jasho, hukata mguu badala ya mti. Katika makala haya tutauchunguza msuguano huo katika chombo ambacho sheria haimruhusu raia kukimiliki bila kibali, yaani bastola. Tumeichagua kwa sababu mpini wake wa plastiki hukutanisha mahali pamoja fizikia na kemia ambazo wanafunzi huzisoma mbalimbali.

Kazi ya mpini

Tuanze na hesabu. Risasi ya milimita 9 yenye tungamo la gramu 7.5, ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 kwa sekunde, ina momenta, yaani zao la tungamo na kasi, ya kilogramu-mita 2.7 kwa sekunde. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bastola nayo hupata momenta iyo hiyo kuelekea nyuma. Bastola ya Glock 17 iliyojazwa risasi ina tungamo la karibu kilogramu 0.9, basi, kama isingeshikwa, ingerudi nyuma kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde, tena zaidi kidogo tukiihesabu gesi ya baruti. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya kiganja, bastola hairudi nyuma tu, bali hupinduka kuelekea juu. Kinachoizuia isiponyoke ni kani ya vidole na msuguano wa mpini.

Kutoka mti hadi nailoni

Zamani mipini ya bastola ilitengenezwa kwa mti au pembe, na mafundi waliichonga mistari ya kukingamana ili isiteleze. Mwaka 1935 Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, alifaulu kutengeneza nailoni. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitoa bunduki yenye kitako cha nailoni, na mwaka 1970 kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ikatoa bastola ya VP70 yenye kiunzi cha plastiki. Plastiki ilienea hasa baada ya mwaka 1982, jeshi la Austria lilipoichagua bastola ya mhandisi Gaston Glock.

Katika bastola ya namna hiyo mpini na kiunzi ni kitu kimoja kilichomiminwa katika kalibu. Mpini wa mti ukichakaa hufunguliwa skrubu na kuwekwa mwingine. Huu hauna skrubu. Ndiyo maana huko Marekani wenye bastola wengi wamejizoeza kuugeuza wenyewe nyumbani. Huchukua chuma cha kulehemu, kile watumiacho mafundi redio, wakachoma vishimo vidogo vidogo mamia kwa mamia, au huondoa kwa msasa matuta ya vidole. Watengenezaji wenyewe wamebadili shauri mara kadhaa: kampuni ya Glock iliweka matuta ya vidole katika miaka ya 1990, kisha ikayaondoa katika toleo la mwaka 2017. Vidole vya watu havilingani. Tuta lililomfaa mmoja lilimwumiza mwingine.

Je, ukwaruzaji huongeza msuguano?

Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo. Jambo lenyewe si jepesi hivyo. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano hulingana na kani inayobana, wala hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Katika karne ya 20, Bowden na Tabor wa Cambridge walionyesha sababu: vitu vigumu hugusana kwenye ncha chache tu, na eneo halisi la mgusano huongezeka kadiri tunavyobana.

Lakini ngozi si kitu kigumu. Ni laini kama mpira, na hujilaza juu ya uso ulionyooka. Mwaka 2009 Peter Warman na Roland Ennos wa Manchester walipima vidole juu ya plastiki laini, wakakuta kwamba mistari ya vidole hupunguza eneo la mgusano kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo, mkono ukiwa mkavu, uso laini waweza kushika vizuri kabisa. Faida ya vishimo huonekana penye jasho jingi, maji au mafuta: umajimaji hupata njia ya kukimbilia, na ngozi huingia katikati ya vinundu ikajifunga hapo.

Gharama ya moto

Nailoni ni plastiki ya namna ile inayolainika kwa joto na kuganda tena ipoapo. Nailoni 6,6 huyeyuka kwenye nyuzi 260 hivi za Selsiasi, na ncha ya chuma cha kulehemu aghalabu huzidi nyuzi 300. Minyororo mirefu ya molekuli, ambayo ndiyo nguvu ya plastiki, huanza kukatika ikiunguzwa mno hewani. Tena nailoni ina naitrojeni, hivyo moshi wake ikiungua waweza kuwa na gesi ya sianidi, ambayo ni sumu kali. Na kila kishimo chenye pembe kali hukusanya mkazo, kikawa mwanzo wa ufa. Mhandisi aliyekadiria unene wa kiunzi hakuvihesabu vishimo hivyo, na plastiki iliyokwisha kuondolewa hairudishiki.

Jaribio la darasani

Kanuni hizi zaweza kupimwa bila silaha wala moto. Kata vipande viwili sawa vya kifuniko cha ndoo ya plastiki. Kimoja kiache laini, cha pili kikwaruze kwa msasa mnene. Tandaza mpira wa ndani wa baiskeli juu ya meza, uwe badala ya ngozi. Weka juu ya kila kipande jiwe lile lile, kisha kivute polepole kwa mizani ya springi. Gawanya kani ya kuvuta kwa uzito wote wa kipande na jiwe. Jibu ndilo kizigeu cha msuguano. Rudia baada ya kumwaga maji, halafu maji ya sabuni.

Wanafunzi waandike makisio yao kabla ya kupima. Kipande laini kikishinda pakavu, mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache kwanza waitafute sababu katika eneo la mgusano.