Konyagi kwa toniki: dawa iko wapi?

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba ruhusa tuiache siasa kidogo, tuingie grosari. Wale wasiogusa kileo, kwa imani au kwa amri ya daktari, wanivumilie kwa dakika chache. Habari hii itatufikisha kwenye malaria, na malaria haiulizi nani anakunywa na nani hanywi.

Mimi ni mpenzi wa Konyagi kwa toniki, sifichi. Jioni ya Jumamosi, joto la Dar es Salaam likiwa bado limeganda ukutani, sioni kinywaji kinachoipita. Lakini kina adabu zake. Glasi iwe ndefu na barafu ijae. Konyagi itangulie, kisha toniki baridi iliyofunguliwa muda huohuo, imiminwe taratibu ikipita ubavuni mwa glasi. Kipande cha ndimu kikamuliwe na kutumbukizwa. Halafu koroga mara moja tu. Wapo wanaokoroga kama uji wa mgonjwa, wakamaliza mapovu yote, kisha wanamlalamikia mhudumu kwamba soda imekufa.

Konyagi yenyewe ni yetu, imetengenezwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Jina lake linatokana na konyaki ya Ufaransa, ile brandi ya zabibu, lakini humu ndani hakuna zabibu. Ni pombe kali nyeupe, yenye kileo asilimia 35. Hapo ndipo hesabu inapowapotea wengi. Bapa moja la mililita 200 lina mililita 70 za kileo kitupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo anayesema "nimekunywa kabapa kamoja tu" amekunywa karibu bia tatu, tena mara nyingi kwa muda wa bia moja.

Ukitia toti mbili za mililita 30 katika chupa nzima ya toniki ya mililita 300, unapata kinywaji cha karibu asilimia 6, kisichopishana sana na bia. Ukimimina nusu ya bapa na nusu ya chupa ya toniki, kama nionavyo meza za jirani, glasi ileile inakaribia asilimia 14. Hiyo ni nguvu ya mvinyo, nawe unainywa kama soda. Tena gesi ya soda, kwa watu wengi, huharakisha kileo kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba, ambako ndiko kinakoingia kwenye damu kwa wingi. Hata hivyo afadhali glasi kuliko viroba, vile vifuko vilivyopigwa marufuku nchini Machi 2017. Kiroba hakikuwa na barafu wala ndimu, kilifyonzwa kikavu kituoni.

Sasa tuje kwenye toniki. Uchungu wake unatokana na kwinini, dawa iliyomo katika magome ya mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini kutoka katika magome hayo. Mwaka 1858 Mwingereza Erasmus Bond akapata hataza ya maji ya toniki. Waingereza waliokuwa India wakayachanganya na jini. Tumezoea kusimuliwa kwamba walifanya hivyo kujikinga na malaria, lakini maandishi ya mwaka 1868, ambayo ni kati ya ya kwanza kabisa kukitaja kinywaji hicho, yanakitaja kwenye mbio za farasi. Watu walikuwa wanajiburudisha, basi.

Mti wenyewe si mgeni kwetu. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, na hadi leo wakulima wa Kivu huko Kongo wanaulima. Mjini Bukavu kuna kiwanda kikongwe cha kwinini. Na ukitaka kuiona kwinini kwa macho, ipeleke glasi ya toniki chini ya zile taa za zambarau za disko. Itang'aa buluu.

Basi ndiyo maana utamsikia mtu kaunta akisema, "Dada, niongeze toniki, najisikia malaria." Ndugu msikilizaji, tupige hesabu pamoja. Sheria ya Marekani hairuhusu toniki kuzidisha miligramu 83 za kwinini katika lita moja. Chupa ya mililita 300 itakuwa na miligramu 25, ikizidi sana. Mtu mzima aliyeandikiwa kwinini na daktari humeza miligramu 600, yaani vidonge viwili vya miligramu 300, kila baada ya saa 8 kwa siku saba. Kuipata dozi moja kwa njia ya toniki unahitaji chupa 24. Kreti zima! Kwa siku ni kreti tatu, na kwa wiki ni kreti 21. Na hapo sijaihesabu sukari, ambayo ni nyingi kuliko unavyodhani kwa sababu uchungu unaificha.

Kama ingekuwa ni kupoteza fedha tu, ningecheka nikaendelea na ndimu yangu. Lakini malaria kali hushusha sukari katika damu. Pombe nayo, hasa kwa mtu ambaye hajala, hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Mtu mwenye homa, asiye na hamu ya chakula, akikaa grosari na bapa lake, anazikutanisha hizo mbili mwilini mwake. Sukari ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, hutoka jasho, hulala asiamke, na wenzake mezani husema, "Mwacheni, amelewa." Mzee mmoja wa mtaani kwetu tulimwacha hivyo. Alikuwa ametetemeka siku mbili akijitibu kwa toniki, na siku ya tatu wanawe ndio waliomtambua kwamba huyu si mlevi, wakambeba hospitali. Alipona, baada ya wiki mbili kitandani. Siku hizi anakunywa Stoney bila kitu.

Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka katika dakika 15 hadi 20. Ikionekana, dawa ya kwanza nchini kwa malaria isiyo kali ni mseto, na dozi yake ni siku tatu, na ni vizuri kuimeza pamoja na chakula. Kwinini yenyewe sasa ni akiba ya daktari, na aliyewahi kuimeza anakumbuka jinsi masikio yanavyovuma. Nimeinywa toniki miaka zaidi ya ishirini, sijawahi kuvumiwa masikio na toniki. Yakivuma asubuhi ya Jumapili, kosa ni la Konyagi.