Maharagi yaliyokataa kuota: kitu kilicho hai hujulikanaje?

Somo hili tulilitoa kwa kifupi kwenye radio, na watu wengi walitusimamisha njiani wakiomba tulitie kwenye karatasi. Tunafanya hivyo. Lakini tutaanza na jambo ambalo kwenye radio tulilipita haraka, kwa sababu lilitutia haya.

Miaka michache iliyopita wamama wa kanisa letu walilima shamba la pamoja upande wa Kibumba. Walipanda maharagi mwezi wa kenda, mvua ilipoanza. Zikapita siku saba, siku nane, siku kumi. Mashamba ya majirani yalikuwa yamejaa miche yenye majani mawili mawili. La kwetu lilikuwa udongo mtupu, na hapa na pale mche mmoja uliojikunja kama mtu aliyechoka kabla ya kuanza kazi. Ndipo neno likaanza kutembea. Mpakani mwa shamba lile anakaa mama mmoja mzee, mjane, anayeishi peke yake. Siku ya kupanda alipita, akasimama, akazitazama mbegu mkononi mwa mmoja wa wamama, akatikisa kichwa na kwenda zake. Hiyo ilitosha. Ikasemwa kwamba ameliloga shamba. Na sisi wachungaji, badala ya kuuliza, tulipanda hadi kule tukaomba kwa sauti kubwa kuvunja laana, hatua chache tu kutoka nyumba yake, naye akiwa ndani anasikia.

Kuomba hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: mbegu zile, siku zilipoingia udongoni, zilikuwa hai?

Ukimwuliza mtu kitu kilicho hai ni kipi, mara nyingi atajibu: ni kile kinachotembea. Basi tutazame mji wetu wa Goma. Chukudu inateremka na magunia ya makala kwa kasi ya kuogopesha, lakini ni mbao tu. Mlima wetu Nyiragongo ni mfano mkubwa zaidi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002 moto wake uliingia Goma, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 ulishuka tena usiku, ukasimama pembeni mwa mji. Waliouona wanausimulia kama mnyama: ulitembea, ulimeza nyumba, ulipumua moshi, uliongezeka. Hata leo tunasema mlima umelala, au mlima umeamka. Lakini moto ule ulipopoa ulikuwa jiwe, lile jiwe jeusi tunalojengea kuta. Na wakati huohuo gunia la maharagi limekaa kimya kwenye pembe ya nyumba miezi minne. Halitembei, halionekani kula, halitoi sauti. Kati ya hivyo viwili, chenye uhai ni kile kilichonyamaza.

Kwenye masomo ya biyolojia watoto wetu hufundishwa alama saba: kula, kupumua, kukua, kuzaa, kujongea, kuhisi, na kutoa mwilini uchafu usiohitajika. Alama hizo ni za kweli, na hatutazieleza zote, maana zimo katika daftari za nyumbani mwenu. Tungependa kukaa kidogo kwa zile zinazoweza kumdanganya mtu.

Kukua, kwa mfano. Lundo la mchanga linakua motokari inapomwaga mchanga mwingine juu yake. Limeongezewa kutoka nje. Mche wa haragi haukui hivyo. Unachukua maji na chumvi za udongo, unachukua hewa na mwangaza wa jua, halafu unavigeuza vyote ndani yake kuwa shina, jani na ua la haragi. Mtoto anakula bukari na sombe, lakini haoti majani ya muhogo. Kile alichokula kinakuwa mfupa wake na damu yake. Lava haifanyi kazi kama hiyo. Inachokimeza inakichoma tu na kuendelea.

Kuhisi ni alama nyingine. Ule mmea mdogo wa njiani ambao watoto huugusa ili ufunge majani yake, unahisi. Haragi la kupanda juu linazungusha ncha yake polepole hadi likutane na kijiti, kisha linajifunga juu yake, ingawa halina jicho. Wasomaji wa Zaburi ya 115 wanakumbuka jinsi mwandishi alivyozihesabu sanamu kiungo kwa kiungo, macho, masikio, pua, mikono, miguu, ili kuonyesha kwamba viungo viko lakini kazi haiko. Sura ya kitu si uhai wake.

Baada ya kipindi, kijana mmoja alituuliza kuhusu moto wa jikoni, na tulikiri kwamba swali lake lilitutoa jasho. Moto unakula kuni. Unahitaji hewa, ukiufunika unakufa. Unakua, unatembea, unaacha majivu, na kutoka mbabula moja unaweza kuwasha mbabula kumi. Je, si uhai? Tulimjibu hivi. Kwanza, moto hauna mwili unaoujenga na kuutengeneza. Mkono wa mtu ukikatwa na kisu, kidonda kinajifunga chenyewe. Mti uliochubuliwa gome unafunga jeraha lake. Pili, moto hauna ukoo. Moto uliowashwa kwa kuni za mkaratusi na moto uliowashwa kwa karatasi hauna kumbukumbu ya ulikotoka. Lakini haragi jekundu lenye madoa linazaa haragi, si mahindi, na watoto wa sungura ni sungura. Ndilo jambo ambalo Mwanzo sura ya kwanza inalitaja mara nyingi, kwamba kila kimea na kila mnyama ni kwa jinsi yake. Hiyo kumbukumbu ya ukoo imo ndani ya mwili wenyewe, katika sehemu ndogo sana ambazo jicho halizioni.

Sehemu hizo ndizo seli. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome la mti kwa hadubini akaona vyumba vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kila kitu kilicho hai kimejengwa kwa seli, moja au nyingi mno. Kijidudu cha kipindupindu kilichomo katika maji ya ziwa ni seli moja tu, lakini kinakula, kinajongea na kuzaa. Kwa hiyo tunakiua kwa kuchemsha maji. Virusi, kama kile cha Ebola kilichotutesa hapa Kivu ya Kaskazini kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, vinasimama mlangoni. Havina seli, havili wala kupumua, na haviwezi kuongezeka mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe mwingine. Ndiyo sababu dawa za antibiotiki, ambazo zinaua vijidudu vyenye seli, hazifanyi kitu kwa virusi, hata ukizimeza boksi zima. Wataalamu bado wanabishana kama virusi vihesabiwe hai au la. Sisi tunawaachia, turudi kwa maharagi.

Loweka haragi moja usiku, asubuhi livue ngozi na kulifungua katikati. Utaona nusu mbili nene, na kati yake kitu kidogo kilichojikunja, chenye mzizi na majani mawili madogo sana. Hicho ndicho kiumbe. Nusu mbili nene ni chakula alichofungiwa na mama yake kwa ajili ya safari. Na katika mbegu kavu kiumbe yule hajafa; amepunguza kila kazi hadi karibu na kusimama. Anapumua, lakini polepole mno. Anakula akiba yake kidogo kidogo. Akiwekwa mahali pakavu na pa baridi, anaweza kungoja muda mrefu.

Muda gani? Masada ni ngome ya Mfalme Herode juu ya mlima, karibu na Bahari ya Chumvi. Wachimbaji wa vitu vya kale walipochimba pale katika miaka ya 1960 walikuta kokwa za tende. Mwaka 2005, kule Ketura, kusini mwa Israeli, mtaalamu Elaine Solowey alizipanda chache, na moja ikaota. Vipimo vilionyesha kwamba kokwa ile ilikuwa na umri wa miaka karibu 2000. Mtende huo waliuita Methusela, na ni dume. Vumbi la maua yake lilitumika kwa mtende jike ulioota kutoka kokwa nyingine ya kale, na mwaka 2020 tende zikachumwa. Ukame wa nchi ile ndio uliolinda mbegu. Hapa kwetu, penye mvua na unyevu, haragi halipewi nafasi hiyo.

Tulipokuja kuuliza, tulichelewa, lakini tuliuliza. Mbegu zetu zilivunwa mwezi wa sita, mvua ya mwisho ikiwa bado inanyesha. Zilianikwa siku mbili tu, kisha zikatiwa katika mifuko ya plastiki, zikafungwa vizuri na kuwekwa jikoni karibu na ukuta wa mafiga ili mvuke usizifikie. Mama mtunza mbegu alitueleza kwa uaminifu: mara kwa mara alikuwa anaingiza mkono ndani ya mfuko, anasikia joto, anafurahi akidhani kwamba zinakauka. Wapendwa, sehemu ya joto lile ilikuwa pumzi ya mbegu. Mbegu yenye maji inapumua kwa nguvu, kama mtu anayekimbia. Inatoa joto na unyevu, unyevu unaita ukungu, ukungu nao unapumua na kuongeza joto. Katika mfuko uliofungwa, hewa inachoka. Kiumbe anakula akiba yake kabla ya safari kuanza, na ukungu unamla yeye. Nje, haragi linabaki haragi, pengine limefifia rangi kidogo. Yule mama mzee aliona rangi ile, akatikisa kichwa.

Ndugu mmoja alitupinga hapo, na hoja yake ina uzito. Alisema: mchungaji, katika Yohana 12:24 Bwana anasema juu ya mbegu inayokufa udongoni ili izae. Ninyi mnasemaje kwamba lazima iwe hai? Tunaona hivi. Bwana alikuwa akisema na watu waliojua kilimo, na hakuna mkulima aliyekwenda shambani na maharagi yaliyopikwa. Mbegu inazikwa, ngozi yake inaoza, nusu zake mbili zinanyauka zikimlisha mche hadi zinaanguka. Haragi ulilolishika mkononi haliko tena, limejitoa lote. Lakini limejitoa kwa sababu lilikuwa na kitu cha kutoa. Mbegu iliyokufa kwenye mfuko haijitoi kwa mtu yeyote. Inaoza tu.

Sasa, kabla ya msimu. Chukua maharagi kumi kutoka katikati ya gunia, si juu tu, wala usichague mazuri. Yapange juu ya kitambaa safi kilicholowana, kikunje, kiweke kwenye sahani ndani ya nyumba, mbali na jua na mbali na mbabula. Nyunyiza maji kila siku, kisidondoke maji wala kisikauke. Siku ya saba fungua na kuhesabu. Yakiota manane au zaidi, panda kwa amani. Yakiota matano, tia mbegu mbili kwa kila tundu, au tafuta nyingine. Yakiota mawili, usilipe mtu kulima shamba kwa ajili ya gunia hilo.

Na kwa kuhifadhi: anika mpaka haragi livunjike kwa jino kwa sauti, lisibonyee. Changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, yanasaidia kuzuia wadudu. Ndipo utie katika bidoni kavu inayofunga, uiweke mahali pa baridi. Ukifunga kabla mbegu hazijakauka, umezifungia kaburini.

Habari ya majivu tulipewa na yule mama mzee. Tulirudi kwake, wachungaji wawili na wamama wanne, tukamwomba msamaha mbele ya majirani walewale waliotusikia tukiomba. Hakusema maneno mengi. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la maharagi yake yenye vumbi la majivu, akatuambia tukayajaribu kwanza, kwa maana hakutaka kusingiziwa mara ya pili. Tuliyaweka kwenye kitambaa nyumbani kwa mama mtunza mbegu. Siku ya saba yaliota tisa.

Msimu uliofuata wamama walimwomba awe mtunza mbegu wa kikundi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti moja: jiko lisiwe karibu na ghala.