Mgongo Unataka Kusogezwa

Tangu darasa la kwanza tunaambiwa tukae wima, na wengi tunakua tukiamini kwamba mgongo huuma kwa sababu tumeupinda. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imetufanya tuhangaike na umbo la mgongo na kusahau mwendo wake. Kinachouchosha zaidi ni kubaki katika mkao mmoja kwa saa nyingi, hata ukiwa ule mkao unaosifiwa. Jambo hili si dogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843.

Sababu imo katika maumbile yenyewe. Katikati ya pingili za uti wa mgongo mna diski 23, ngumu kwa nje na zenye ute mzito ndani. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani. Tukisimama, tukikaa au tukibeba mzigo, maji yake hubanwa yakatoka. Tukilala hurudi, kama sifongo. Ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni. Misuli nayo, ikikazwa muda mrefu bila kulegezwa, hupitisha damu kwa shida na kuanza kuuma. Fundi anayeinamia cherehani, dereva wa daladala na karani aliyekaa wima mbele ya kompyuta wana mikao tofauti, ila wote hawasogei.

Mtu anaweza kupinga: je, si wataalamu walipima wakaona kukaa kunabana diski kuliko kusimama? Ndivyo alivyoripoti Alf Nachemson wa Sweden katika miaka ya 1960. Lakini mwaka 1999, Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya kifaa kilichowekwa ndani ya diski ya mtu mwenye afya, nao wakakuta kwamba kukaa kwa kujiachia kulibana diski kidogo kuliko kusimama. Ni mtu mmoja tu aliyepimwa, kwa hiyo tusizidishe. Hata hivyo vipimo hivyohivyo vinaonyesha mahali ambapo mkao una uzito kweli, napo ni kwenye mizigo. Kilo 20, yaani ndoo ya maji ya lita 20, zilipoinuliwa kwa mgongo uliopinda, mgandamizo ulizidi mara mbili ule wa kuzishika karibu na mwili. Anayechota maji kila siku ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya kuuziwa mkanda wa kiuno: kunja magoti, vuta ndoo karibu, ndipo uinuke.

Wengine husema mgongo ukishauma dawa ni kulala. Utafiti uliofanywa Helsinki na kuchapishwa mwaka 1995 uliwagawa wafanyakazi wa jiji wenye maumivu ya ghafla: wengine walilala siku mbili, wengine walipewa mazoezi, wengine waliendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi. Lakini maumivu yanayoandamana na ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika, miguu kulegea, au homa na kukonda, yanahitaji hospitali haraka. Kifua kikuu nacho hushambulia pingili, na kikichelewa kutibiwa huacha kibiongo.

Linabaki pingamizi la riziki: nani ana nafasi ya kunyanyukanyanyuka kazini? Fundi anaweza kupanga kazi ili kushona kupishane na kukata au kupiga pasi kwa kusimama; karani anaweza kuzungumza kwa simu akitembea. Lakini mlinzi aliyenyimwa kiti na mshonaji wa kiwandani asiyeruhusiwa kuinuka hawana uchaguzi huo. Kwao, mgongo uko mikononi mwa mwajiri, na ni yeye anayepaswa kudaiwa kiti na mapumziko.