Uthabiti na Udhibiti wa Mifumo: Kutafuta Thamani ya Chini Kabisa

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kutofautisha msawazo na uthabiti;
(b) kutumia njia ya kukamilisha mraba kuamua kama msawazo ni thabiti;
(c) kuchagua kiasi bora cha marekebisho katika udhibiti.

1. Maana ya maneno

Mfumo badilifu ni kitu chochote ambacho hali yake hubadilika kadiri muda unavyopita. Mifano ni pendulamu inayobembea, kina cha maji katika tanki na kasi ya injini.

Msawazo ni hali ambayo mfumo ukiwekwa humo hubaki humo, ikiwa hakuna kinachousukuma.

Uthabiti ni sifa ya msawazo. Msawazo ni thabiti ikiwa mfumo uliosogezwa kidogo hurudi wenyewe mahali pake.

Udhibiti ni kitendo cha kupima hali ya mfumo na kuurekebisha ili ufike pale tunapotaka.

2. Gololi na bakuli

Weka gololi ndani ya bakuli, kisha isukume kidogo. Itapanda na kushuka, na mwisho itatulia chini. Huo ni msawazo thabiti. Sasa pindua bakuli na uiweke gololi juu ya mgongo wake. Inaweza kutulia kwa muda, lakini ukiigusa tu inaporomoka. Huo ni msawazo usio thabiti. Juu ya meza iliyo sawa, gololi hukaa popote unapoisogeza. Huo ni msawazo wa kati.

Watahiniwa wengi hukariri mifano hii mitatu bila kujua sababu. Sababu ni nishati. Nishati ya mkao ya gololi ni mgh: m ni tungamo, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na h ni kimo. Ndani ya bakuli, sehemu ya chini ndiyo yenye h ndogo kabisa. Msuguano hupunguza nishati ya gololi kidogo kidogo, hivyo gololi haina pa kwenda ila pale nishati ilipo ndogo kabisa.

Mwaka 1892 mwanahisabati wa Urusi, Aleksandr Lyapunov, alionyesha kuwa wazo hili halihusu nishati peke yake. Tunaweza kutumia kipimo chochote V chenye sifa mbili:
(i) V ni sifuri kwenye msawazo na ni chanya mahali pengine pote;
(ii) V hupungua kadiri mfumo unavyokwenda.

Kipimo cha namna hiyo kikipatikana, msawazo ni thabiti. Faida yake ni kubwa: hatulazimiki kukokotoa njia yote ambayo mfumo utapita. Swali la mwendo linageuka kuwa swali la kutafuta thamani ya chini kabisa, jambo ambalo tayari unalijua kutoka kwenye milinganyo ya kwadratiki.

Mfano 1. Nishati ya mkao ya kitu, kwa jouli, ni E = x² − 6x + 14, ambapo x ni umbali kwa mita. Tafuta mahali pa msawazo na useme kama ni thabiti.

*Utatuzi:* Kamilisha mraba.
E = (x² − 6x + 9) + 5 = (x − 3)² + 5

Mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri, hivyo E ni ndogo kabisa x = 3, na thamani yake ni jouli 5. Msawazo uko mita 3, nao ni thabiti.

Linganisha na E = −x² + 6x + 1, ambayo ni sawa na 10 − (x − 3)². Hapa pia msawazo uko x = 3, lakini E ni kubwa kabisa. Msawazo huo si thabiti. Mahali ni pamoja. Alama ya x² ndiyo iliyobadili jibu.

3. Udhibiti: tanki la maji

Tanki lina kimo cha sm 200, na kina kinachotakiwa ni sm 150. Kila saa msimamizi hupima upungufu e, yaani kina kinachotakiwa kutoa kina kilichopo. Kisha huongeza maji kwa kiasi cha k × e. Ikiwa e ni hasi, maji yamezidi, naye hufungua koki ya chini kuyapunguza kwa kanuni ileile. Tuchukulie kuwa hakuna anayeteka maji wakati wa marekebisho.

Upungufu mpya = e − ke = (1 − k)e

Tukianza na e = 40, hesabu inatoa mifuatano hii ya kijiometri:

k = 0.5: 40, 20, 10, 5
k = 1: 40, 0, 0, 0
k = 1.5: 40, −20, 10, −5
k = 2: 40, −40, 40, −40
k = 2.5: 40, −60, 90, −135

Angalia mstari wa mwisho. Msimamizi huyu hajazembea. Kila saa anarekebisha kwa nguvu. Hata hivyo, −60 maana yake ni kina cha sm 210, na tanki lina sm 200 tu. Maji yamemwagika katika rekebisho la kwanza. Kurekebisha kupita kiasi huharibu kama vile kutorekebisha kabisa.

Mfano 2. Tafuta thamani za k ambazo zinafanya tanki liwe thabiti.

*Utatuzi:* Chukua V = e². Ni sifuri pale e = 0 na ni chanya kwingineko. Ili V ipungue:
(1 − k)²e² < e²
(1 − k)² < 1
k² − 2k < 0
k(k − 2) < 0
Hivyo 0 < k < 2.

4. Kuchagua k iliyo bora

Ndani ya mipaka hiyo zipo k nyingi. Ipi ni bora? Tukitazama upungufu tu, k = 1 inaumaliza mara moja. Lakini pampu inatumia mafuta, na rekebisho kubwa hugharimu zaidi. Tuunde gharama J yenye sehemu mbili: upungufu unaobaki, na ukubwa wa rekebisho.

J = (1 − k)² + k²

Mfano 3. Tafuta k inayofanya J iwe ndogo kabisa.

*Utatuzi:* J = 2k² − 2k + 1 = 2(k − ½)² + ½
J ni ndogo kabisa k = ½, nayo ni ½. Kwa kuwa ½ iko kati ya 0 na 2, tanki ni thabiti.

Ikiwa pampu ni ndogo na k haiwezi kuzidi 0.4, basi ½ haipatikani. Jibu linakuwa mpakani: k = 0.4, na J = 0.36 + 0.16 = 0.52.

5. Historia kwa ufupi

Mwaka 1788 James Watt alitumia kidhibiti chenye mipira miwili inayozunguka ili kutuliza kasi ya injini ya mvuke. Baadaye ilionekana kuwa baadhi ya vidhibiti vya aina hiyo vilifanya kasi ipande na kushuka bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alitumia milinganyo kueleza masharti ya kutulia kwake.

Makosa ya kuepuka

- Kusema "kimesimama, kwa hiyo ni thabiti". Gololi juu ya mgongo wa bakuli pia imesimama.
- Kugawa k² < 2k kwa k bila kujua kama k ni chanya. Hamisha kila kitu upande mmoja, kisha tafuta vigawo.
- Kutoa k bora bila kuhakiki kama iko ndani ya mipaka.

Maswali ya kujipima

1. E = 2x² − 8x + 11. Tafuta msawazo na useme kama ni thabiti.
2. Upungufu mpya ni (1 − 3k)e. Tafuta thamani za k zinazoleta uthabiti.
3. Mafuta yamepanda bei, na sasa J = (1 − k)² + 3k². Tafuta k bora. Kwa nini ni ndogo kuliko ½?

Majibu

1. E = 2(x − 2)² + 3; msawazo x = 2, ni thabiti.
2. 0 < k < ⅔.
3. J = 4(k − ¼)² + ¾; k = ¼. Rekebisho limekuwa ghali, hivyo inafaa kurekebisha kidogo kidogo.