Boksi Tupu si Takataka

Tazameni nyuma ya duka lolote la mtaani saa za jioni. Mtaona maboksi yaliyopasuliwa na magunia matupu, vyote vyangoja moto au mtaro. Bidhaa imeuzwa leo, na chombo kilichoibeba kutoka mbali chatupwa leo leo, hali bado kina nguvu.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Karafuu za Unguja na Pemba zilisafirishwa katika magunia ya juti, na gunia likimaliza safari moja lilianza nyingine: leo nazi, kesho makaa. Sanduku la mbao lililoleta majani ya chai liligeuka sanduku la nguo. Hilo halikuitwa umaskini, bali busara.

Hata sasa tunao mfano mwema, nao ni kreti ya soda. Mnunuzi hurudisha chupa tupu au huweka dhamana. Lori lililoleta zilizojaa huondoka na tupu, zikaoshwe na kujazwa tena kiwandani. Siri yake ni kwamba chupa tupu ina thamani, kwa hiyo haitupwi.

Serikali nazo zimechukua hatua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini boksi la shehena halimo katika marufuku hayo. Hilo limeachiwa akili ya mwenye duka. Basi alifungue kwa kisu penye gundi, asilipasue. Alikunje, aliweke pakavu, kisha amfungie mnunuzi bidhaa ndani yake. Nasi wanunuzi twende na vikapu vyetu.

Hata hivyo, yatupasa tahadhari. Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu lisitiwe maji wala mafuta ya kula, hata likioshwa mara ngapi. Gunia la mbegu zilizotiwa dawa lisitiwe unga. Harufu huondoka, sumu ikabaki, na wa kwanza kudhurika ni mtoto. Kabla ya kukitumia chombo, ulizeni kwanza kilibeba nini.

Israfu tumekatazwa, na kuidhuru nafsi tumekatazwa vile vile. Mwenye kuyashika yote mawili ndiye aliyetunza mali yake na watu wa nyumba yake.