Mwanafunzi Katika Duka la Kijiji

Ukiingia dukani unaona nini? Unaona sukari, sabuni, chumvi, viberiti na mafuta ya kula. Unamwona muuzaji nyuma ya meza. Unatoa fedha, unapewa kitu chako, unaondoka. Kazi hiyo huonekana nyepesi. Watu wengi hufikiri kwamba yeyote anayejua kuhesabu fedha anaweza kuendesha duka.

Msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo cha biashara, alikuwa akisoma kazi hiyo. Alikuwa mwaka wa pili. Chuoni alifundishwa kuagiza mali, kupanga bei na kuandika vitabu vya hesabu. Wanafunzi kama yeye hupelekwa kazini kwa wiki kadhaa, ili wafanye kwa mikono yale waliyoyasoma. Haya huitwa mafunzo kwa vitendo. Wenzake wengi walikwenda katika maduka makubwa ya mjini. Yeye alipangiwa wiki nane katika duka la ushirika la kijiji kimoja wilayani Kilosa. Katika kijiji hicho mimi nina darasa la kisomo. Jioni alikuwa akija kukaa nasi darasani, na mengi ya haya niliyasikia kwake.

Siku aliyofika alikuta watu hawasemi vizuri. Mali ya duka ilikuwa imehesabiwa, na upungufu wa Sh. 214,000 ulikuwa umeonekana kwa miezi mitatu. Kamati ya duka ilimwambia mama muuzaji alipe fedha hizo zote au aache kazi. Alipewa muda mpaka mkutano wa mwisho wa mwezi. Mama yule alikuwa ameuza katika duka lile kwa miaka sita. Sasa akipita njiani watu walinyamaza.

Upungufu ni nini?

Tuchukue mfano mdogo. Asubuhi dukani pana viberiti 10. Mchana vinaletwa vingine 20. Jumla ni 30. Jioni unahesabu fedha, unakuta ni fedha ya viberiti 12. Basi vinapaswa kubaki viberiti 18. Ukihesabu ukakuta 16, viberiti viwili havipo na fedha yake haipo. Huo ndio upungufu.

Duka zima huhesabiwa kwa njia hiyo hiyo, ila badala ya kuhesabu vitu tunahesabu thamani yake kwa bei ya kuuzia. Hesabu hii hutuambia kwamba kitu hakipo. Haituambii kimekwenda wapi. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wakisikia neno upungufu, wao husikia neno wizi.

Hata mwanafunzi yule alisikia hivyo. Alinieleza waziwazi kwamba wiki ya kwanza na yeye alimdhania mama yule mwizi. Alikuwa akimtazama mikono.

Wiki ya kwanza hakugusa kitabu chochote cha hesabu. Alifagia. Alipokea mizigo kutoka kwenye gari na kuipanga. Siku ya tatu alipanga pakiti mpya za unga mbele, kwa sababu zilikuwa safi na zinapendeza. Mama muuzaji akamwambia, "Mwanangu, ukiweka mpya mbele, za zamani zitauzwa lini?" Akazitoa zote akazipanga upya, za zamani mbele. Chuoni alikuwa ameliandika jambo hilo katika daftari na kulipatia alama nzuri kwenye mtihani. Mali iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Lakini mikono yake ilikuwa haijalijua.

Sahani ya mizani

Wiki ya pili alianza kutazama mizani badala ya mikono. Mizani ya duka lile ni ya sahani mbili. Upande mmoja unawekwa jiwe la mizani, upande wa pili sukari. Sahani zikiwa sawa, uzito ni sawa. Lakini wateja hawakutaka sahani ziwe sawa. Walitaka sahani ya sukari ishuke. "Mama, mbona haijashuka?" Mama naye huongeza kijiko, sahani inashuka, mteja anaondoka anacheka. Kwetu jambo hili ni la kawaida. Mwuzaji asiyeongeza huitwa mchoyo.

Jioni moja mwanafunzi alimwomba mama apime robo kumi kama anavyopima siku zote. Kisha akaziweka robo zote kumi pamoja kwenye sahani. Robo kumi ni kilo mbili na nusu. Akaweka mawe ya kilo mbili na nusu. Sahani hazikuwa sawa. Akaongeza jiwe la gramu 100, zikawa sawa. Maana yake kila robo ilikuwa na gramu 260 badala ya 250. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai.

Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu. Duka lilinunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa Sh. 130,000. Usafiri ulikuwa Sh. 3,000. Bei ya kuuzia ilikuwa Sh. 3,000 kwa kilo, yaani Sh. 750 kwa robo. Mfuko unapaswa kutoa robo 200, ambazo ni Sh. 150,000. Faida ni Sh. 17,000. Lakini kila robo ikiwa gramu 260, mfuko unatoa robo 192 tu. Robo nane zimepotea. Nane mara 750 ni Sh. 6,000. Faida imebaki Sh. 11,000.

Kwa miezi mitatu duka lilikuwa limeuza mifuko 11, karibu yote kwa robo robo. Kumi na moja mara 6,000 ni Sh. 66,000. Fedha hizi hakuna aliyeziiba. Zilikuwa zimekunywewa katika chai ya kijiji kizima.

Tena si kosa kwamba kitu kinapungua kidogo katika kupima. Sukari hubaki kwenye mishono ya mfuko, na nyingine humwagika. Mwanafunzi alieleza kwamba duka lenye utaratibu hukubali upungufu mdogo kwa kila mfuko na kuuandika tangu mwanzo. Mizani yenyewe nayo yafaa iwe na alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani za biashara kila mwaka. Ile ya kijiji ilikuwa nayo. Mizani haikuwa na kosa.

Alipopata hizo 66,000 aliendelea kutafuta. Miche 60 ya sabuni ilikuwa imepunguzwa bei kwa amri ya kamati, kutoka Sh. 3,000 hadi Sh. 2,500, kwa sababu haikuwa ikinunuliwa. Hakuna aliyeandika. Kitabu kiliendelea kudai 3,000. Hapo ni Sh. 30,000. Panya walitoboa pakiti nane za unga za Sh. 4,000 kila moja, zikatupwa bila kuandikwa. Hapo ni Sh. 32,000.

Jambo gumu lilikuwa la soda. Kamati ilipokutana, wajumbe waliagiza soda na biskuti dukani. "Andika, tutalipa," walisema. Mama hakuandika, maana aliona aibu kuwaandika wakubwa wake. Mwanafunzi aliomba kitabu cha mihtasari ya mikutano. Humo mlikuwa na tarehe na majina ya waliohudhuria. Akakaa na mama, wakakumbuka mkutano mmoja mmoja. Walipata soda 55 za Sh. 700, na biskuti za Sh. 3,000. Jumla Sh. 41,500.

Mama akamwambia, "Hilo la soda liache, mwanangu. Wewe utaondoka, mimi nitabaki hapa."

"Mama, nikiliacha, fedha hiyo utailipa wewe."

Mama akanyamaza. Kesho yake alileta kipande cha boksi kutoka nyumbani. Kilikuwa na majina ya watu aliowakopesha bila ruhusa ya kamati. Wengi walikuwa wana wagonjwa au wafiwa. Jumla ilikuwa Sh. 31,000. Kanuni za duka zilikataza kukopesha, naye alizijua.

Mkutano wa mwisho wa mwezi

Mwanafunzi alisimama mbele ya wanachama akiwa na karatasi moja. Aliniambia kwamba miguu ilimtetemeka. Aliamkia wazee, akasoma: sukari 66,000, sabuni 30,000, unga 32,000, mikutano 41,500, mikopo 31,000. Jumla 200,500. Zilizobaki ni Sh. 13,500. "Hizi wazee wangu nimezitafuta, sikuziona," alisema.

Wanachama walicheka aliposoma mikutano. Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza soda zilikuwa ngapi, akajibiwa 55. Akauliza tena. Kisha akasema kamati italipa. Mama alionywa kwa kukopesha, akaagizwa kuidai mikopo ile na kulipa zile 13,500. Kazi yake alibaki nayo. Wengine hawakuridhika, na wapo ambao mpaka leo wanasema aliponea kwa mwanafunzi.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya ushirika yachukue nafasi. Niliwahi kuwauliza wazee wa darasa langu ni nini kiliyaangusha maduka ya namna hiyo. Kila mmoja alitaja mwizi wake. Mimi si mtaalamu wa biashara, cheti changu ni cha elimu ya watu wazima. Lakini baada ya kuiona ile karatasi, nimeanza kuuliza pia nani alikuwa akiandika.

Kabla ya kuondoka mwanafunzi alitengeneza daftari moja la mistari. Alilitoboa, akalifunga kwa kamba kwenye meza ya duka ili lisihame. Lina nafasi nne: tarehe, kitu, thamani, sababu. Kila kitu kinachotoka bila fedha kuingia huandikwa humo siku ile ile: kilichooza, kilichovunjika, kilicholiwa na panya, kilichopunguzwa bei. Chuoni aliandika taarifa yake, na msimamizi wake alimwuliza kwa nini wiki nane nzima alishughulika na upungufu wa duka dogo namna ile.

Mama muuzaji sasa huja darasani kwetu siku tatu kwa wiki, kwa ajili ya hesabu. Juma moja baada ya mwanafunzi kwenda zake nilipita dukani kununua chumvi, nikalifunua lile daftari. Mstari wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa mama, herufi kubwa kubwa: Soda 3, Sh. 2,100, kamati.