Mashine ya Risasi Isiingie Kisangani Kimyakimya

Mashine kuukuu ya kujaza risasi za bastola hununuliwa Marekani na walenga shabaha wanaobana matumizi: kila mkono wake unapovutwa, ganda moja hupachikwa fataki, jingine hutiwa baruti, la tatu hukandamiziwa kichwa. Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulionyeshewa makombora zaidi ya 6,000 mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo, chombo hicho kihesabiwe sawa na silaha. Wapo watakaosema ni chuma tu, hakiui mtu. Lakini risasi ya kiwandani ina alama kitakoni, na wachunguzi huifuata hadi ilikotoka. Ganda likijazwa upya, alama hiyo inawapoteza njia. Mkataba wa Kinshasa wa 2010 unagusa silaha, risasi na vipuri vya kuundia. Maafisa wa forodha wana pa kuanzia.